Breki Zilikataa? Utatuzi wa matatizo ya kutua na ndege ndogo kwenye kiwanja cha majani

Kila ndege ndogo ikishaingia kichakani mwisho wa kiwanja, rubani akishuka neno lake ni lilelile, breki zilikataa. Nimelisikia mpaka siku hizi nikiona mtu anashuka huku anajipangusa suruali, namalizia mwenyewe. Mimi si rubani, niseme mapema asije mtu akaniuliza leseni, mimi nimekaa miaka chini ya mabawa, kwanza kushikia mafundi spana, baadae kutunza kiwanja cha majani huku bara ya Lamu, yaani kufyeka, kufukia mashimo na kugombana na punda. Haya ni matatizo yanayorudi kila msimu, nimeyapanga kwa dalili, kile unachokiona au kukisikia, afu sababu kuanzia ile ya kila siku mpaka ile ya nadra. Anza juu uteremke nayo hivohivo. Usikimbilie kufungua gurudumu na hujajua bado upepo ulikuwa unatoka wapi.

Jingine la huku kwetu. Uwanja wa ndege wa Manda ni lami, wa Malindi ni lami, na njia zote mbili zinapita kilomita moja. Mtu akishazoea hapo anakuwa na mkono mzito, anakuja na spidi ya ziada, anaelea, anagusa katikati ya njia na bado anasimama vizuri tu, hakuna anayemwambia kitu. Siku akija kwenye majani ya mita 700 yenye mivinje huku na ua wa miba kule, ule mkono wa lami ndo unamponza.

Dalili ya 1: Ndege haisimami, inapitiliza mwisho

Hii ndo mama yao wote kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Sababu ya kwanza ni spidi. Chukua Cessna 172S ambayo wengi wanaijua, kitabu chake kinataka noti 61 (noti ni maili ya bahari kwa saa) ukija kutua kwenye njia fupi na flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa, zote chini. Rubani anaona 61 kidogo, anaogopa, anakuja na 70. Noti 9 tu si ndio, lakini nguvu ya mwendo haiendi sawa na spidi, inaenda kwa spidi mara spidi, kwahiyo hizo noti 9 zimekuongezea karibu theluthi nzima ya nguvu unayotakiwa kuimaliza kabla ya ua. Na kabla hata hujafika kwenye breki, hiyo ziada inakuelesha juu ya majani, bawa halitaki kushuka, mita zinapita chini yako na hakuna gurudumu lililogusa. Breki ya gurudumu lililo hewani haina kazi.

Sababu ya pili ni upepo wa tezi. Kitabu hichohicho kinasema kwa kila noti 2 za upepo wa nyuma ongeza asilimia 10 ya umbali. Tupige hesabu pamoja manake watu wengi hawapigi. Usawa wa bahari, joto la digrii 30, ndege imejaa uzito wake, lami kavu, hakuna upepo: kutoka futi 50 juu mpaka kusimama ni kama mita 420, na ndani ya hizo kama 185 ni za kukimbia chini. Weka majani makavu, kitabu kinasema ongeza asilimia 45 ya zile za kukimbia, unafika kama mita 500. Sasa weka upepo wa tezi wa noti 6, ambao huku ni upepo wa kupepea kahawa tu, ile 420 inakuwa 546, ongeza majani, umefika karibu 655. Kiwanja chako ni mita 700. Zimebaki 45, na hapo nimekuhesabia kama rubani aliyekuja na 61 kamili na anafinya breki mpaka mguu unatetemeka. Mpe zile 70 uone atasimama wapi.

Hapa niseme la kwangu. Kuna siku ya kusi, mchana, ndege ya viti vinne ilitua kwetu ikatupita pale tulipokaa kama haina habari na sisi, ikaingia kwenye ua, propela ikala miba, pua ikalala. Hakuumia mtu. Rubani akashuka, breki zilikataa. Nikainama kuangalia, nyuma kwenye majani kuna michirizi miwili mirefu, majani yamelala na kukwaruzwa mpaka udongo, yaani magurudumu yalikuwa yamefungwa kabisa yakiteleza, breki zilikuwa zinafanya kazi kupita kiasi. Mzee mmoja nahodha wa zamani alikuwa anapita na punda wake kaniambia taratibu, "Mwanangu, chombo kimekuja na upepo wa tezi kile, kingesimama vipi?" Nikageuka kuangalia soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo unatoka wapi. Jua na chumvi zilikuwa zimeila, nusu imechanika na ile nusu nyingine imejizungusha kwenye mlingoti kama kilemba, hata ukiwa juu hujui inasema nini. Na ile soksi ilikuwa kazi yangu mimi, nilikuwa nimesema nitaibadilisha tangu wiki mbili nyuma.

Kwahiyo ukaguzi wa kwanza kabisa wa "breki zilikataa" haufanywi na spana. Angalia soksi, kisha angalia alama kwenye majani. Michirizi iliyokwaruza ina maana breki zilishika ila majani hayakushika. Kama hakuna alama kabisa, majani yamelazwa tu kidogo, hapo ndo una haki ya kuanza kuishuku breki.

Sababu ya tatu ni umande na mvua. Majani marefu yanaivuta ndege kidogo, lakini majani mafupi yaliyolowa juu ya udongo mgumu yanateleza kama sabuni. Mamlaka ya anga ya Uingereza kwenye miongozo yao ya usalama wanasema majani mafupi sana yaliyolowa yanaweza kuongeza umbali wa kutua mpaka asilimia 60. Na usidhani ni masika tu, saa moja asubuhi huku umande unalowesha viatu mpaka soksi za miguu, rubani anaamka mapema akwepe upepo wa mchana anakutana na hilo. Hapo dawa si kufinya breki zaidi, gurudumu likifunga umepoteza kila kitu, unafinya kidogo unaachia, unafinya unaachia, usukani umevutwa nyuma uzito uende kwenye magurudumu makubwa, na flapu unazirudisha ukishatulia chini. Ndege yenye magurudumu ya kukunja lakini hizo flapu ziache mpaka usimame, watu wameshika mkono wa magurudumu wakidhani ni wa flapu, wakayakunja.

Sababu ya nne, sasa, ndo breki yenyewe. Kaa kitini, finya peda moja moja. Ikienda chini laini kama mkate, ukipampu mara mbili inapanda, kuna hewa au majimaji yamepungua. Chungulia nyuma ya gurudumu uone kama kuna unyevu mwekundu kwenye kalipa au umeshuka kwenye tairi. Nasisitiza mwekundu, manake majimaji ya breki za hizi ndege ni mafuta ya madini ya rangi nyekundu, si yale ya gari. Nimewahi kumkuta kijana na kichupa alichonunua duka la spea za magari, namuuliza unaenda kutia wapi hicho, ananijibu "breki ni breki tu kaka." Sio. Yale ya gari yanavimbisha na kulainisha raba za ndani za ndege, leo peda inakuwa ngumu unafurahi, wiki ijayo zinavuja zote mbili. Kama yameshatiwa hata kidogo usijaribu kuosha mwenyewe, mwite injinia mwenye leseni, mfumo mzima unafunguliwa na raba zinabadilishwa.

Kingine cha huku ni kutu. Ndege ikilala wiki moja karibu na bahari diski inaota kutu nyekundu. Kutu ya juujuu inatoka ukienda polepole na kufinya kidogokidogo, lakini pitisha kucha, ukisikia vishimo kama ganda la chaza hiyo diski inakula pedi na haishiki sawa, ni ya kubadilisha.

SIMAMA hapa: peda imezama mpaka chini, au diski ina ufa, au kuna majimaji yanadondoka. Hakuna "nifike Malindi tu nitatengeneza kule."

Dalili ya 2: Inagusa, inaruka, inagusa, inaruka kama mpira

Ya kawaida tena ni spidi, bawa bado lina nguvu ya kubeba na wewe unalilazimisha chini, linakataa. Ya pili ni kugusa na gurudumu la pua kwanza, pua inarudishwa juu, rubani anasukuma mbele aikamate, inashuka na pua tena vibaya zaidi. Kila ruko ni kubwa kuliko lile la nyuma, na mafundi wote watakwambia la tatu ndo huvunja mguu wa pua. Dawa ya rubani: usisukume mbele hata roho ikikuambia sukuma. Ruko dogo, shikilia pua pale ilipo, ongeza moto (yaani nguvu ya injini) kidogo, acha ishuke yenyewe. Ruko kubwa, moto wote, ondoka, zunguka uje tena. Kuzunguka ni mafuta ya dakika tano. Sijui kwanini watu wanaona ni aibu, mbele ya abiria hasa.

Ya tatu ni kiwanja. Kichuguu cha mchwa kilichofyekwa juu kikaachwa mzizi, shimo la ngiri lililofukiwa na mchanga mtupu bila kushindiliwa, njia ya ng'ombe inayokata kiwanja ambayo masika inakuwa mfereji. Ukaguzi wake ni rahisi, sisi tunapitisha bodaboda toka mwanzo mpaka mwisho mbio ya kama 50 na mtu amekaa nyuma, akishuka analalamika mgongo basi ndege nayo italalamika. Kisha tembea kwa miguu, pikipiki inaruka vitu ambavyo gurudumu la pua halitaruka. Na majani yasizidi theluthi ya kimo cha tairi, kwa gurudumu la pua la ndege ya aina hii ni kama sentimita 10 hivi.

Ya nne, shoki ya pua imeisha hewa au mafuta. Simama mbele ya ndege, angalia ile chuma inayong'aa inatokeza kiasi gani, linganisha na kitabu, sukuma mkia chini uachie, pua inatakiwa irudi taratibu, isidunde na isigande. Ikiwa na mafuta yamechuruzika na kushika vumbi, sili imechoka. Kujaza presha ile si kazi ya pampu ya baiskeli wala ya kijana wa pancha, ina presha kali ndani na ikifunguliwa vibaya inatoa meno.

Baada ya kuruka vibaya hata kama inaonekana nzima, kabla ya kupaa tena fungua kifuniko cha injini, ingiza tochi, angalia ukuta wa bati ulio kati ya injini na miguu ya rubani pale mguu wa pua ulipofungwa. Unatafuta mikunjo kama ya karatasi iliyofinywa, na ribiti zenye moshi mweusi pembeni yake, ile ni dalili zinacheza. Kaa kitini sukuma peda za miguu, kama zimekuwa ngumu au zinakwama na jana zilikuwa laini, ule ukuta umejikunja. SIMAMA. Hiyo hairuki tena mpaka injinia aiweke sahihi yake, na usimwachie rubani akwambie "ni mkunjo wa zamani huo" kama huna picha ya zamani.

Dalili ya 3: Ikigusa tu inavuta upande, au inageuka

Huku ni upepo wa ubavu mara nyingi zaidi kuliko kitu kingine. Kusi inakuja toka upande wa kusini na kusini mashariki, kaskazi inageuka toka kaskazini mashariki, na kiwanja kimelazwa kufuata ardhi ilivyo, hakikuuliza. Mchana upepo wa bahari unaongezeka juu yake. Cessna 172 imeonyeshwa mpaka noti 15 za ubavu, lakini aliyeonyesha ni rubani wa majaribio, si wewe uliyepumzika miezi minne. Kinachoharibu ni kuachia usukani ukishagusa, watu wanadhani safari imeisha. Bawa la joshini, upande unakotoka upepo, unatakiwa uendelee kulishusha na kuzidisha kadiri spidi inavyopungua, mpaka ndege imesimama kabisa. Nahodha haachii shikio kwa sababu kaona bandari.

Zile zenye gurudumu la mkiani kama Super Cub ni mbaya zaidi, uzito uko nyuma ya magurudumu makubwa, ikianza kwenda upande mkia unataka kuja mbele, inazunguka kama pia na bawa la nje linakwaruza chini. Hapo miguu ifanye kazi mapema, kidogokidogo. Ukisubiri uone umeshachelewa.

Kama hakukuwa na upepo, angalia tairi. Miiba ya mgunga inatoboa polepole, jana ilikuwa sawa leo asubuhi upande mmoja umekaa chini, kupima kwa kupiga teke haisaidii kitu, chukua geji. Angalia pia ile alama ya rangi iliyochorwa kuunganisha tairi na rimu, ikiwa imepishana basi tairi imeteleza ndani na tyubu inavutwa valvu, itapasuka siku si nyingi. Halafu breki ya upande mmoja iliyogandia, huja sana ndege ikikaa karibu na chumvi, isukume kwa mkono uone kama upande mmoja unagoma. Na masika vua zile kofia za magurudumu, sisemi mara mbili, udongo mweusi wa kule upande wa Garsen ukiingia mle unakauka kama simiti na kulishika tairi, nimewahi kugongoa tope humo na patasi.

Dalili ya 4: Pua inatetemeka kama cherehani

Fupi tu. Kwanza spidi nyingi na uzito mwingi kwenye pua, vuta usukani nyuma itulie. Ikiendelea, tairi ya pua haiko sawa au imelika upande. Ikiendelea tena, kile kidude cha kuzuia mtetemo kimeisha mafuta au bushi za mikono ya mguu zimelika, shika gurudumu litingishe kwa mikono miwili, ukisikia kok kok ndo hizo. Haiui mtu leo lakini inalegeza kila kilichofungwa mbele, ikichekewa inakuletea dalili ya 2.

Dalili ya 5: Inadondoka ghafla mita chache kabla ya kugusa

Abiria wanasema tulianguka kama lifti. Sababu namba moja kwenye viwanja vyetu ni miti. Upepo ukipita juu ya mivinje au minazi kisha ukashuka upande wa pili unajikunja, rubani anakuja na upepo mzuri wa omo, yaani wa mbele, noti 15, akiingia nyuma ya miti ule upepo unakatika, bawa lililokuwa linabebwa linabaki bila kitu. Ukitaka kuuona, simama pale mwanzo wa kiwanja siku ya kusi kali na kitambaa mkononi, juu soksi imenyooka na mkononi kitambaa kinalala, kinageuka, kinarudi nyuma. Upepo ukija kwa mikupuo, ongeza nusu ya zile noti ambazo mkupuo unazidi upepo wa kawaida, usiongeze ovyo ukarudi dalili ya 1, na gusa mbele zaidi ya miti kama urefu unaruhusu.

Namba mbili ni kinyume cha hofu ya spidi, mtu kaivuta pua juu mapema, filimbi ya onyo inalia na yeye bado anavuta, bawa linaacha kubeba. Hii hutokea sana akiona ng'ombe wamevuka, anavuta ili awaruke. Ng'ombe wakivuka jibu ni moto wote na kuondoka mapema. Kama uko chini sana, bora umguse ng'ombe ukiwa unatembea kuliko kuanguka toka juu ya kichwa chake.

Baada ya kudondoka hivi kagua kama dalili ya 2, ongeza miguu ya magurudumu makubwa pale inapoingia kwenye mwili, na milango. Mlango uliokuwa unafunga vizuri na sasa unasugua unakuambia mwili umepinda.

Dalili ya 6: Injini inakohoa au inakufa ukipunguza moto kuja kutua

Watu wanacheka nikisema barafu, Lamu barafu inatoka wapi, tunanunua ya samaki. Lakini zile 172 za zamani zenye kabureta, hewa ikipita kwenye koo la kabureta inapoa ghafla, na hewa yetu ina unyevu mwingi, barafu inaota ndani hata nje kukiwa digrii 25, hasa moto ukiwa mdogo wakati wa kushuka. Vuta kile kitufe cha joto la kabureta kabla ya kupunguza moto, ulivute lote, usiweke nusu. Injini itatetemeka na kukohoa barafu ikiyeyuka, usiogope ukalirudisha. Ukifika chini kutafuta ushahidi hakuna, imeyeyuka, fundi atakwambia injini nzima na wewe utamwona mwongo.

Ya pili ni mafuta: tangi lililochaguliwa limeisha wakati lingine limejaa. Ya tatu maji ndani ya mafuta, usiku unyevu unakusanyika kwenye tangi lililoachwa nusu, na mafuta ya madramu yana visa vyake. Kinga kwenye kichupa kila asubuhi. Mafuta ya ndege hizi yana rangi ya buluu, maji yanakaa chini kama kitone kisicho na rangi kinachocheza. Kichupa chote kikiwa cheupe usishangilie usafi, huenda chote ni maji.

Dalili ya 7: Propela imegusa majani, udongo au miba

Majani yenyewe hayana neno, utaona ncha zimepakwa kijani tu. Udongo ndo tatizo. Pitisha kidole kwenye ncha (injini imezimwa, funguo mfukoni mwako, na hata hivo simama pembeni), ukikuta imejikunja hata kidogo kama ukingo wa sufuria lililoanguka, au injini ilisimama au kupungua mzunguko ghafla, kazi ya kiwanjani imeisha. Usinyooshe kwa nyundo. Usiwashe "tuisikie". Lycoming wenyewe, watengenezaji wa injini, wana taarifa yao namba 533 inayoelezea injini iliyogonga inavyofunguliwa na kukaguliwa ndani, kwa sababu ufa wa shafti hauonekani kwa nje wala hausikiki siku ya kwanza. Najua bei yake inaumiza, nimeona wenye ndege wakikaa kwenye majani na kichwa mikononi. Hata hivyo hii ndo SIMAMA kubwa kuliko zote nilizoandika.

Ikishaharibika kabisa: ndege imelala, watu wamo ndani

Rubani anakata mafuta, anafunga tangi, anazima magneto (inayoipa injini cheche) na umeme, anatoka. Wewe wa nje ukifika, noma ya kwanza ni moto, zima sigara, simamisha bodaboda mbali, chukua mtungi wa kuzimia uende nao toka upande unakotoka upepo. Usiipite propela mbele hata imesimama, magneto ikiwa wazi mguso mdogo unaizungusha. Mtu anayelalamika shingo au mgongo mwache palepale mkishikilia kichwa chake, isipokuwa kuna moto au mafuta yanamwagika. Piga 999 au 112. Na kwa sisi wa bara, kumbuka majeruhi wa kwenda King Fahd Lamu mjini atavuka maji toka Mokowe, kwahiyo mtu mmoja kazi yake iwe kutafuta boti kabla gari halijaondoka kiwanjani, maji yakiwa yamekupwa mnapoteza muda gatini.

Kinara cha dharura cha ndege kinaweza kuwa kimejiwasha, kiache, ndo kinawaambia watu mko wapi. Ila hata baada ya kutua kugumu tu bila ajali, sikiliza 121.5 kwenye redio, ukisikia mlio unaoshuka shuka ujue chako kinapiga kelele na wenzio wanaanza kutafutwa bure, toa taarifa kikizimwa.

Kisha usiguse. Hilo ndo gumu manake dakika kumi tu kijiji kizima kimefika, watoto wako kwenye bawa, mtu ana kamba anataka kuivuta itoke kwenye njia. Ajali inatolewa taarifa kwa KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, na kwa idara ya wizara inayochunguza ajali za ndege, na mabaki hayasogezwi mpaka waruhusu, ila kwa kuokoa mtu au kuzima moto. Weka vijana wawili wanaosikilizwa, zungusha kamba. Kazi inayobaki ni ya simu yako: piga picha alama za magurudumu toka pale zilipoanza mpaka mwisho, zipime kwa hatua, ziandike. Piga urefu wa majani ukiweka kitu pembeni, kalamu au ndala. Piga swichi na flapu zilivyoachwa bila kuzishika. Na kabla ya hivyo vyote, wakati vumbi bado halijatua, geuka upige soksi ya upepo. Mimi siku ile niligeuka, na nilichokuwa nacho cha kupiga ni kile kilemba kwenye mlingoti.